Kifua cha panya weupe: ninavyokidhibiti nyumbani Lubumbashi

Panya weupe ninaowafuga nyumbani kwetu, katika komini ya Kamalondo hapa Lubumbashi, wote wana ugonjwa wa kifua, na wote walikuja nao. Nalitaja hili kwanza kwa sababu mfugaji asiyelijua atatumia fedha nyingi akitafuta dawa ya kuumaliza ugonjwa huo kabisa, na dawa hiyo haipo. Kijidudu kinachosababisha sehemu kubwa ya maradhi haya huitwa Mycoplasma pulmonis. Mama humwambukiza mtoto kabla ya kuzaliwa au muda mfupi baada yake, kisha panya huambukizana wenyewe kwa chafya na kwa kukaa karibu. Kikishaingia, hukaa katika pua, masikio na mapafu kwa uhai wote wa mnyama, ambao kwa kawaida ni miaka 2 hadi 3. Panya aliyekibeba anaweza kuonekana mzima kwa miezi mingi, hadi baridi, vumbi, uzee au hewa mbaya ikiamshe. Kwa hiyo kazi ninayoifanya ni ya kukizuia kisiamke, na kikiamka, kukirudisha chini kabla hakijaharibu mapafu.

Panya hawa nilipewa na kijana aliyekuwa akiwazalisha kwa ajili ya mazoezi ya maabara ya wanafunzi na ambaye hakuhitaji tena waliobaki. Majirani hawakuelewa, na baadhi yao hawajaelewa hadi leo, kwamba katika mji ambao watu hununua sumu ya panya sokoni pamoja na nyanya, mtu mzima mwenye familia ananunua dawa ya kifua kwa ajili ya mnyama huyo huyo.

Dalili za mwanzo ni ndogo, na asiyewazoea wanyama hawa huzipita. Chafya chache baada ya kubadilisha matandiko au kuhamishwa kizimba hazinitishi. Ninachokisikiliza ni chafya zinazoendelea siku baada ya siku, na zaidi sauti ya kifua: ninamshika panya, ninaweka sikio langu kwenye mbavu zake, na panya mzima hasikiki chochote zaidi ya pumzi nyepesi, ilhali mgonjwa hutoa mlio wa kukwaruza au wa mapovu. Machozi mekundu yanayoganda pembeni mwa jicho na puani huwashtua wengi, kwani hufanana na damu. Si damu, bali ni rangi iitwayo porfirini, inayotolewa na tezi iliyo nyuma ya jicho, na huongezeka mnyama anapokuwa na maumivu au dhiki yoyote, hivyo hueleza kwamba kuna jambo bila kueleza ni jambo gani. Akiwa amelala ninahesabu pia pumzi zake: kati ya 70 na 115 kwa dakika ni kawaida, lakini ubavu ukianza kuingia ndani kwa nguvu katika kila pumzi, hata hesabu haina haja tena. Panya hupumua kwa pua tu. Ukimwona amefungua kinywa akitafuta hewa, hiyo ni hali ya kwenda kwa daktari saa hiyo hiyo.

Hewa ndiyo iliyonipa matokeo makubwa kuliko dawa yoyote. Mkojo wa panya ukikaa katika matandiko, bakteria huubadilisha kuwa amonia, na amonia huharibu vinyweleo vidogo vya njia ya hewa ambavyo kazi yake ni kusukuma kamasi na vijidudu nje. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1976 ulionyesha kwamba panya wenye mycoplasma waliowekwa katika hewa yenye amonia kuanzia sehemu 25 kwa milioni waliugua vibaya zaidi, kuanzia puani hadi kwenye mapafu, kuliko wenzao waliopumua hewa safi. Tatizo ni kwamba pua ya mwenye nyumba huizoea harufu hiyo mapema. Ndiyo maana mimi sisubiri kunusa, na mgeni akiingia sebuleni akasema kuna harufu, najua tayari nimechelewa.

Niliacha kutumia tangi la kioo na kuchukua kizimba cha nyaya kilichopigwa na fundi wa kuchomelea, chenye ghorofa mbili, ili upepo upite pande zote. Kwenye sakafu yake kuna trei ya bati inayovutwa, nami huibadilisha karatasi yake kila siku, hasa ile kona waliyoichagua wenyewe kuwa choo. Kizimba kizima hukiosha mara moja kwa wiki kwa maji ya moto na sabuni kidogo, wala sitoi vitambaa vyote siku moja, kwa kuwa panya akikosa kabisa harufu yake hukojoa kila mahali ili airudishe, na amonia ikarudi haraka zaidi. Javeli, yaani dawa ya maji ya kung'arishia nguo na kuua vijidudu, naitumia kwa nadra, nje, kizimba kikiwa kitupu, kisha nakisuuza hadi harufu iishe, maana mvuke wake ni adui wa mapafu kama amonia yenyewe.

Kuhusu matandiko, watu wengi hapa huchukua maranda na unga wa mbao kwa seremala kwa sababu ni bure. Mimi sivitaki. Unga wa mbao ni vumbi tupu, mbao zenye mafuta ya harufu kama za msonobari hukwaruza njia ya hewa, na huwezi kujua ni ubao gani uliopakwa dawa ya wadudu. Natumia karatasi zilizochanwa kutoka duka la fotokopi, zilizokung'utwa nje kwanza, pamoja na vipande vya shuka kuukuu za pamba ambavyo ncha zake nimezikata vizuri ili nyuzi zisiwanase vidole.

Mji wenyewe una kalenda yake. Mvua inapokwisha mwezi wa Aprili, barabara zisizo na lami huanza kutoa vumbi jekundu, na malori hulirusha hadi ndani ya nyumba. Kufikia Agosti na Septemba hakuna fenicha isiyokuwa na tabaka lake. Katikati ya kiangazi, mwezi wa Juni na Julai, usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na hapo ndipo wale panya wangu wazee huanza kukoroma. Kwa hiyo kuanzia Mei nahamishia kizimba katika chumba cha nyuma kisichotazama barabara, nafuta sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia, na nawapa sanduku la kadibodi lililojaa vitambaa ili walale wamerundikana. Joto lao wenyewe linatosha, mradi upepo wa moja kwa moja usiwafikie.

Moshi ulitaka mazungumzo nyumbani, kwa sababu si jambo la mtu mmoja. Umeme ukikatika jioni, mbabula, yaani jiko la makaa, huwashwa, na wakati wa baridi kuna desturi ya kuiingiza ndani ili kupasha chumba joto. Desturi hiyo ni ya hatari kwa watu kabla haijawa ya hatari kwa panya, kwani makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na nilifurahi kupata sababu ya kuikomesha. Sasa mbabula huwashwa uani na kubaki uani. Dawa ya mbu ya kuchoma, ubani na manukato ya kupuliza pia havitumiki tena upande ule wa nyumba, tumeweka chandarua. Mama watoto alikubali mapema kuliko nilivyotarajia, ingawa alisema wazi kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya kikohozi cha mtoto wetu mdogo, si kwa ajili ya panya.

Hata hewa ikiwa safi, kuna wakati ugonjwa huamka na dawa inahitajika. Hapa ndipo watu hupotea njia zaidi, kwa sababu dawa ya kwanza inayowajia akilini ni amoksisilini, inayopatikana katika kila farmasi. Mycoplasma haina ukuta wa seli, na dawa za jamii ya penisilini, amoksisilini ikiwamo, hufanya kazi kwa kuushambulia ukuta huo, kwa hiyo haziidhuru hata kidogo. Zinaweza kusaidia pale bakteria wengine wanapoingia juu ya ugonjwa wa awali, jambo ambalo hutokea, lakini huo ni uamuzi wa daktari. Zinazoigusa mycoplasma ni dawa kama doksisiklini, azithromisini na enrofloksasini.

Daktari wa mifugo ninayemtegemea alisomea hapa hapa, katika kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na kazi yake ya kila siku ni mbwa na kuku. Alinipokea bila kucheka, akanieleza jambo ambalo nimelishika tangu siku hiyo: «Papa, mnyama huyu hatumpimi kwa macho, tunampima kwa mizani.» Kipimo cha dawa hutokana na uzito, na panya wa gramu 400 ni mdogo mno kwa dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya watu au kuku. Enrofloksasini ya kuku, kwa mfano, huuzwa ikiwa na miligramu 100 katika kila mililita. Panya huyo akiandikiwa miligramu 4, atahitaji mililita 0.04, kiasi ambacho hakipimiki kwa mkono, na ikiwa haijachanganywa na maji humchoma kinywa. Daktari huichanganya mililita 1 ya dawa na 9 za maji, kipimo kikawa mililita 0.4, ambacho bomba dogo la sindano lisilo na sindano linakipima bila shida. Dawa hiyo haiwafai panya wachanga ambao mifupa yao bado inakua. Doksisiklini nayo haipaswi kuchanganywa na maziwa, kwa kuwa kalisi huifunga isifyonzwe tumboni. Mimi naiweka katika ndizi mbivu iliyopondwa. Siiweki kamwe katika maji ya kunywa, maana mgonjwa hunywa kidogo na ladha chungu humfanya anywe kidogo zaidi.

Muda wa dawa ni wiki 2 hadi 3, wakati mwingine zaidi, na kishawishi cha kuiacha huja mapema, siku ile mlio wa kifua unapotoweka. Naendelea hadi mwisho alioutaja daktari. Kila Jumapili pia nawapima wote kwa mizani ya jikoni na kuandika katika daftari, kwa sababu panya huficha udhaifu wake na uzito hushuka kabla ya sauti kubadilika. Upande wa pili, panya mnene hupumua kwa taabu, hivyo bukari, yaani ugali, wanapata kidogo tu, na sehemu kubwa ya chakula ni nafaka nzima, mboga za majani na dagaa wachache.

Panya wazee wawili nilionao sasa wamefika mahali ambapo dawa hupunguza tu. Wakati wa shida nawaweka katika kizimba kidogo bafuni, ambamo ndoo ya maji ya moto imejaza mvuke, nami nakaa nao humo ili mvuke usizidi wakashikwa na joto. Kamasi hulainika, wakapumua vizuri kwa saa kadhaa. Nimekubaliana na daktari kwamba yule atakayeacha kula, au atakayeshindwa kulala kwa sababu ya kutafuta pumzi, atachomwa sindano ya kumpumzisha milele.

Watu huniomba watoto wa panya hawa. Siwazalishi, kwa sababu mama anayeugua mapema huwapa watoto wake kijidudu hicho hicho pamoja na udhaifu wake. Anayetaka panya namshauri achukue wawili kwa pamoja, wa jinsia moja, kwa mtu anayeweza kueleza wazazi wao waliishi umri gani, na awaweke peke yao kwa wiki 2 kabla ya kuwachanganya na wengine. Mycoplasma karibu kila panya tayari anayo, lakini virusi na bakteria wengine wa mapafu si lazima wote wakutane nyumbani kwake.