Kila timu na bendera yake: nilivyokomesha kupeana majibu katika shindano letu

Yeyote anayeandaa shindano la usalama wa mtandao kwa wanafunzi namsihi aupuuze ushauri ambao sisi tulipewa na waliotutangulia, kwamba wanaopeana majibu hunaswa kwa anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha muunganisho wa intaneti. Ushauri huo ulitolewa kwa nia njema, nao uliwatia matatani wasio na hatia huku wahusika wakiendelea kupanda kwenye ubao wa alama. Mashindano haya, yanayojulikana kama CTF (capture the flag, «teka bendera»), ambayo asili yake ni mkutano wa DEF CON wa Las Vegas mwaka 1996, huwa na maswali ambayo kila moja limeficha bendera, yaani mfuatano wa herufi ambao timu huutuma kwenye mfumo ili ipate alama. Bendera ikiwa moja kwa timu zote, ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha kuifikisha kwa nusu ya washiriki kabla waandaaji hawajamaliza kunywa chai.

Tulielekezwa kuchapisha orodha ya timu zilizotuma bendera ileile kutoka anwani moja, au ndani ya dakika chache baada ya nyingine. Orodha ilipotoka, ilikuwa ndefu kiasi cha kututia aibu. Wanafunzi wa bweni zima hutoka nje ya chuo kwa anwani moja, na kampuni za simu nazo huweka maelfu ya wateja nyuma ya anwani moja ya umma, hivyo timu zisizofahamiana kabisa zilionekana kama zimeketi meza moja. Wakati huohuo, watu waliokuwa wakipeana majibu kweli, mmoja akitumia Wi-Fi ya maktaba na mwenzake bando la simu, hawakuonekana popote. Kigezo cha muda kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu kila tulipotoa dokezo la swali gumu, timu zilizokuwa zimekwama zililimaliza karibu kwa pamoja. Timu moja ya wasichana ilinusurika kufutwa kwa sababu tu ilikuwa imehifadhi skripti (programu fupi) zake zote, pamoja na zile zilizoshindwa, ikatuonyesha hatua kwa hatua ilivyofika. Nilitoka kwenye kikao kile nikiwa nimeazimia kwamba hakuna mwanafunzi atakayeadhibiwa tena kwa dhana.

Ndipo nilipoamua kwamba bendera yenyewe ndiyo itoe ushahidi. Mfumo wetu ni CTFd, programu ya kuendeshea mashindano haya, ambao kwa kawaida huilinganisha bendera iliyotumwa na jibu moja lililohifadhiwa, lakini unaruhusu kuongezewa programu jalizi yenye kanuni yake ya kulinganisha. Niliandika programu hiyo kwa lugha ya Python: inachukua namba ya timu na namba ya swali, inavipitisha kwenye HMAC-SHA256, kanuni ya hesabu ambayo matokeo yake hayabashiriki bila ufunguo, pamoja na ufunguo wa siri, kisha inabakiza herufi 12 za mwanzo za matokeo ziwe mkia wa bendera. Bendera ya timu moja ikawa na mkia kama 7c1e09ab42d5, na ya timu ya jirani ikawa na mkia mwingine kabisa. Kila timu ilifunguliwa kontena lake la Docker, yaani mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea swali kwenye seva, lenye bendera yake. Gharama ya seva ilipanda, lakini haikuzidi laki kadhaa, na ningezilipa tena bila kusita.

Maswali ya mafaili ya kupakua yalihitaji mbinu nyingine, kwa kuwa mkia wa herufi za ovyo huwashtua wanafunzi mara wanapolinganisha majibu. Hapo nilitumia methali. Katika «haba na haba hujaza kibaba» kuna herufi a tisa na i moja, jumla herufi 10 zinazoweza kuandikwa kwa tarakimu 4 na 1, kama wadukuzi wanavyopenda kuandika. Kila herufi ina sura mbili, kwa hiyo methali hiyo moja inazaa bendera 1024 tofauti. Timu moja ikapata h4ba_na_hab4_huj4za_kibaba, nyingine haba_n4_haba_hujaz4_k1bab4, na mwanafunzi aliyeziona kwa haraka alidhani ni kitu kimoja. Nilizigawa kwa kufuata namba za timu ili zisigongane, na kwa kuwa 1024 si nyingi kwa mtu mwenye skripti ya kubahatisha, maswali hayo niliyawekea ukomo wa majaribio.

Mfumo ukipokea bendera ya timu nyingine, humjibu mtumaji kwamba jibu si sahihi, kama lilivyo kosa jingine lolote, kisha huandika kimya kimya ni nani katuma bendera ya nani na saa ngapi. Wapo walionishauri niwape alama kwanza na kuwanyang'anya baadaye. Nilikataa, kwa sababu alama za maswali yetu hushuka kadiri timu nyingi zinavyoyatatua, na alama za uongo zingewapunguzia waliofanya kazi kwa haki.

Usiku wa kwanza timu moja ilituma jibu la swali la kriptografia (elimu ya kuficha ujumbe kwa hesabu), ikakataliwa, ikatuma tena na tena, kisha nahodha wake akaniandikia: «Mwalimu, mfumo wenu una hitilafu, bendera yetu ni sahihi kabisa.» Akaambatanisha na picha ya skrini. Mkia uliokuwa kwenye picha ile ulikuwa wa timu iliyoshika nafasi ya tatu, na kumbukumbu zilionyesha kwamba timu hiyo ilikuwa imeutuma muda mfupi uliopita. Sikumjibu papo hapo. Niliziita timu zote mbili, kila moja peke yake, kwa sababu bendera inaweza pia kuibwa kwenye kompyuta ya maabara iliyoachwa wazi, na mwenye kuibiwa hastahili adhabu. Safari hii wote walikiri, na hakuna aliyetulaumu kwa kumwonea.

Bendera tofauti hazimzuii mtu kumpa mwenzake njia nzima ya kutatua. Waandaaji wa picoCTF, shindano la wanafunzi la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitangulia kuonyesha kwamba swali lenyewe linaweza kuzalishwa upya kwa kila timu, nami nikafuata mkondo huo: kwenye swali la RSA, njia ya kusimba ujumbe inayotegemea namba tasa, kila timu ilipewa namba tasa zake, na kwenye swali la kudukua programu ukubwa wa bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu inayopokea data, ulitofautiana. Skripti ya kuazima bado inaweza kurekebishwa, hivyo kabla ya kutoa zawadi tunawahoji washindi, nasi tunachagua swali na mwanatimu wa kulieleza. Maswali ya upelelezi wa taarifa za wazi, ambayo jibu lake ni moja kwa watu wote, niliyapa alama ndogo.

Ufunguo wa siri usiuweke kamwe ndani ya kontena. Kontena lipewe bendera iliyokwisha kukokotolewa tu, maana swali likishadukuliwa mwanafunzi anasoma kila kilichomo, na akiukuta ufunguo huo ataweza kuzikokotoa bendera za timu zote.