Kitundikio cha ngazi ukutani: nilivyokitengeneza kwa mbao moja ya futi 12

Ngazi zenyewe ni mbili: ya alumini ya kuvuta, mita 4 ikiwa imekunjwa na uzito wa kilo 17 hivi, pamoja na ya mbao ya kilo 12. Zote nilizilaza kwa ubavu kwenye uchochoro kati ya nyumba na uzio, chini ya paa, ambapo mvua za masika hazipigi moja kwa moja.

Kilichonichukulia muda ni ukuta. Mbao ya 2x4 (inchi mbili kwa nne) hubeba ngazi mbili bila taabu, lakini tofali ndilo linaloamua kama kitundikio kitabaki mahali pake. Matofali mengi ya Dar es Salaam ni ya mchanga na saruji, na uimara wake hutegemea aliyepima mchanganyiko. Kwa hiyo nilianza kwa tundu la majaribio la milimita 6. Keekee ikikataa kwenda na vumbi likatoka kidogo kidogo, tofali ni zuri. Ikizama yenyewe na mchanga ukamwagika, usitumie rawabolti ya chuma pale: ikijitanua ndani hulipasua tofali dhaifu. Dawa yake ni kutoboa ukuta mzima, kupitisha bolti ya milimita 10, na upande wa pili kuweka bamba la chuma la sentimita 8 kwa 8 kabla ya nati. Ukuta wangu ulikuwa mzuri, nikatumia plagi za plastiki na skrubu za milimita 10 kwa 120.

Urefu huo wa 120 una hesabu yake. Mbao inakula milimita 45, lipu 15, zinabaki 60 za kuingia kwenye tofali. Kosa ninaloliona mara nyingi ni plagi kuishia kwenye lipu. Siku ya kwanza inashika, baada ya wiki chache lipu inabanduka kipande kizima. Isukume plagi hadi ipite lipu. Zima pia mtindo wa nyundo kwenye drili ukishavuka lipu, kwani mtikisiko huo hutanua tundu kwenye tofali la mchanga. Na usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi: paipu za umeme hupanda wima ndani ya ukuta.

Mbao nilichukua paini ya dawa, ile ya Mufindi inayouzwa Buguruni. Mara nyingi inauzwa ikiwa bado mbichi. Niliilaza kivulini wiki tatu, juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite. Ukiunga mbichi, hunywea, hujikunja, na skrubu zinalegea. Ukikata mbao ya dawa vaa barakoa, mabaki usiyachome jikoni, na ncha ulizokata zipake dawa tena, kwa sababu ile ya kiwandani haifiki kiini siku zote.

Kitundikio kina fremu mbili, na kila moja ina vipande vitatu: nguzo ya sentimita 60 inayolala bapa ukutani, mkono wa sentimita 36, na tegemeo la mshazari la sentimita 36. Nguzo niliichonga kwa patasi kijishimo cha milimita 12, mkono ukae ndani yake, katikati ya nguzo. Skrubu mbili za milimita 100 zinaingia kutoka nyuma. Skrubu iliyoingia kwenye kichwa cha mbao, yaani ncha iliyokatwa, hushika kidogo, ndiyo maana tegemeo la mshazari halikwepeki. Hilo linabeba uzito. Mbele ya mkono niliinua sentimita 2 na kupigilia kizuizi cha sentimita 4, ngazi isiteleze nje.

Skrubu za ukutani ni mbili kwa kila nguzo, zikiachana sentimita 50. Umbali huo ndio siri. Kilo 15 zikikaa sentimita 15 kutoka ukutani, skrubu ya juu inavutwa kwa kilo 4.5 tu. Zikiachana sentimita 10, inavutwa kwa kilo 22.5.

Mikono miwili niliitenga mita 2.3, ngazi ikatokeza sentimita 85 kila upande. Ngazi inayozidi mita 5 ipewe mkono wa tatu, na yote ipimwe kwa pimamaji au uzi, si kwa kufuata mstari wa matofali.

Skrubu za rangi ya dhahabu ziache: chumvi ya bahari huzila haraka, na dawa ya mbao yenye shaba huharakisha kutu. Nunua za mabati yaliyochovywa au za chuma kisichoshika kutu. Shaba hiyo hula pia alumini mahali penye unyevu, kwa hiyo juu ya mikono nilifunga tyubu ya baiskeli iliyochanwa. Ngazi ya mbao usiipake rangi ya mafuta, itaficha nyufa.

Kabla ya kutundika ngazi niliweka alama ya penseli kuzunguka kila nguzo, nikaning'iniza ndoo mbili za maji za lita 20 kwa kila mkono, usiku mzima. Asubuhi alama ilikuwa haijasogea hata kidogo. Mwisho nilipitisha mnyororo kwenye vidato na kuufunga kwa kufuli kwenye jicho la chuma lililokazwa ukutani, maana ngazi iliyoachwa wazi nje ndiyo mwizi hupandia dirishani.