Nyufa Kwanza, Vikombe vya Fedha Baadaye

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu la wiki hii ni 2 Wafalme 12:4-16. Wengi tunaipita sura hii haraka, maana imejaa habari za maseremala, waashi, mawe ya kuchongwa na fedha za kuwalipa mafundi. Naomba safari hii tutulie hapo. Masika inakaribia, na najua nyumba kadhaa kati yetu ambazo mvua ya kwanza ikipiga tu, ndoo zinapangwa sakafuni.

Yoashi alikuwa mfalme akiwa na miaka 7. Kabla ya hapo alifichwa miaka 6 ndani ya nyumba ya Bwana pamoja na mlezi wake, kwa sababu bibi yake, Athalia, alikuwa akiangamiza uzao wote wa kifalme. Shangazi yake, Yehosheba, ndiye aliyemnyakua na kumficha. Kwa hiyo mtoto huyu hakuijua nyumba ya Mungu kama mtu anayekuja siku ya sikukuu na kuondoka. Alilala humo. Alikulia humo. Na nyumba yenyewe ilikuwa imeharibiwa: 2 Mambo ya Nyakati 24:7 inatuambia kwamba wana wa Athalia waliivunja. Mimi naamini Yoashi aliona haja ya kuitengeneza kuliko mtu mwingine yeyote kwa sababu alikuwa ameishi ndani ya ubovu wake. Anayelala chini ya bati bovu ndiye anayejua linavuja wapi.

Akawaagiza makuhani wapokee fedha za watu, watengeneze mabomoko. Sasa angalieni mstari wa 6. Mwaka wa 23 wa kutawala kwake ulifika, mfalme sasa ni mtu mzima wa miaka 30 hivi, na mabomoko bado yako palepale. Maandiko hayasemi kwamba makuhani waliiba. Hayasemi kwamba fedha hazikuwapo. Ibada ziliendelea, sadaka zilitolewa, watu walikuja na kwenda, na ukuta ulibaki na ufa wake. Walizoea. Mimi hapo naogopa zaidi kuliko ningeogopa habari ya wizi, maana wizi hugunduliwa na kukemewa, lakini mazoea hukaa na watu wema miaka na miaka bila kuwasumbua usingizi.

Ndipo kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu upande wa kuume. Fedha zikaingia humo, zikahesabiwa, zikapelekwa moja kwa moja kwa wasimamizi wa kazi. Halafu unakuja mstari wa 13, ambao ndio umenifanya niandike wiki hii: katika fedha hizo hawakutengeneza vikombe vya fedha, wala mabakuli, wala tarumbeta, wala chombo chochote cha dhahabu au cha fedha. Zote zilikwenda kwenye ukarabati. Ukisoma 2 Mambo ya Nyakati 24:14 utaona kwamba walipomaliza kazi, fedha zilizobaki ndizo zilizotengenezewa vyombo vya dhahabu na fedha. Mungu hakuchukia vikombe. Vilikuwa na mahali pake, baada ya nyufa.

Turudi nyumbani kwetu. Ingia sebuleni: makochi yana vitambaa vilivyofumwa vizuri, kabati la vioo limejaa vikombe visivyoguswa mpaka aje mgeni, runinga imetundikwa ukutani. Kisha pita mpaka chumba cha nyuma, kile anachokilala bibi, au watoto, au dada anayetusaidia kazi. Angalia juu. Doa la maji lina rangi ya chai, limetanuka mwaka hadi mwaka, na dari limeanza kunepa kama Mhubiri 10:18 inavyosema juu ya nyumba ya mtu mtepetevu. Godoro limesogezwa ukutani lisilowe. Mwenye mkoba wa kulipa fundi halali humo. Ndiyo maana kazi haifanyiki. Kila mwaka tunasema tutatengeneza mvua zikiisha, na mvua zikiisha hakuna tena kinachotukumbusha.

Na mara nyingi kasoro yenyewe ni ndogo. Msumari wa bati una kofia pana, na chini ya kofia kuna kipande cha mpira kinachoziba tundu. Mchana bati linapata joto na kutanuka, usiku linapoa na kusinyaa, na kidogo kidogo msumari unalegea. Jua nalo linaukausha mpira ule mpaka unapasuka. Maji hayahitaji zaidi ya hapo. Fundi mwaminifu hatakupakia donge la lami juu ya kutu na kuondoka. Ataung'oa msumari, ataweka ulionenepa kidogo wenye mpira mpya, na atahakikisha umepigwa kwenye mgongo wa bati, usiwe kwenye bonde ambako maji yanapita. Mbao ya kenchi ikiwa imeoza atakuambia, hata kama hutaki kusikia. Ni kazi ya asubuhi moja kwa nyumba nyingi za kwetu. Tukiiacha, maji yanafika kwenye mbao, kwenye dari, kwenye nyaya za umeme, na hapo tena hatuzungumzii godoro kulowa.

Torati inalichukulia jambo hili kwa uzito kuliko tunavyodhani. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari lake, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Nyumba za kule zilikuwa na mapaa bapa, watu walipanda huko kupumzika, kukausha mazao, kuomba. Petro alikuwa darini akiomba kule Yafa alipopata yale maono ya Matendo 10. Agizo la ukingo liko katika sheria ileile inayotuamuru tumpende jirani kama nafsi zetu. Mungu aliona mtoto anayecheza darini kabla hajaanguka, akamwambia baba yake atafute mawe na udongo.

Nyumba zetu nyingi hazina mapaa ya kukalia, lakini zina mahali pa kuangukia. Shimo la maji lililofunikwa kwa kipande cha mbao kilichooza. Waya uliochubuka nyuma ya friji. Mpira wa gesi uliokakamaa na kuanza kupasuka: huo ukaguliwe kwa povu la sabuni, ulipake kwenye kiungo na uangalie kama linatoa mapovu, wala mtu asithubutu kukagua kwa kiberiti. Kwa ndugu zetu wa Njombe, Iringa na Mbeya, baridi ya Juni na Julai ikibana, jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chumbani na kufungiwa madirisha. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi, na hapo ndipo unapodanganya, kwa kuwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Familia nzima hulala na isiamke. Ukingo wa dari, katika nyumba hiyo, ni kuliacha jiko nje.

Niseme sasa habari ya jikoni, kwa sababu jikoni ndipo panapokarabatiwa mwisho katika nyumba nyingi. Banda la mabanzi, dirisha dogo kama la kupitishia mkono, mafiga matatu, na masizi yamening'inia kwenye kenchi kama nyuzi. Mama ameinama anapuliza moto, macho yamejaa machozi, mgongoni ana mtoto anayevuta hewa ileile. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao ni watoto wasiotimiza miaka 5. Serikali yetu ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034. Nafurahi na naomba ufanikiwe. Lakini mtoto aliye mgongoni leo hawezi kusubiri 2034, na mengine yako ndani ya uwezo wetu mwezi huu: kupanua dirisha, kuinua bati la juu kidogo moshi upate pa kutokea, kununua kuni kavu, kujenga jiko banifu lenye bomba. Hata kuloweka maharage ya makande tangu usiku na kufunika sufuria kunapunguza saa za mama kukaa kwenye moshi. Akina baba, msiliache hili liwe la wanawake kwa sababu tu moshi hauwafikii mlipokaa.

Katika Yohana 21 wanafunzi wanarudi ufukweni baada ya kuvua usiku kucha, wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Mwokozi aliyefufuka, mwenye mamlaka yote mbinguni na duniani, ameandaa chakula cha asubuhi kwa watu waliochoka. "Njoni mfungue kinywa," anawaambia. Hatusomi kwamba aliagiza mtu awapikie. Kama Bwana wetu alikaa kwenye moto wa makaa kwa ajili ya wengine, basi mahali pa kupikia katika nyumba ya Mkristo panastahili heshima kama sebule, na anayepika humo anastahili kupumua.

Kuna jambo moja limebaki kwenye somo, mstari wa 15. Wasimamizi waliokabidhiwa fedha za kuwalipa mafundi hawakudaiwa hesabu, maana walitenda kwa uaminifu. Ndugu zangu mafundi, mnajua maneno yanayosemwa mitaani juu ya fundi: kuchukua malipo ya awali na kuzima simu, kuandika mifuko ya saruji kumi ikaingia saba. Wengi wenu hamko hivyo na mnabeba jina lisilo lenu. Mstari huu ni wenu, ushikeni. Na sisi wenye nyumba tuwalipe siku kazi inapoisha. Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Mtu asije kuimba kwaya Jumapili huku fundi wake wa bati amekopa unga dukani.

Wiki hii naomba kila nyumba ifanye hivi. Baba na mama, au yeyote anayeshika usukani wa nyumba, apite chumba kwa chumba pamoja na watoto, na katika kila chumba amuulize anayelala humo nini kinamsumbua. Mwacheni aseme yeye. Anzeni na chumba cha nyuma na jiko. Kisha ombeni pamoja hapohapo mliposimama, mkiomba Bwana awape macho ya kuona mliyoyazoea, na riziki ya kuyatengeneza.

Kwenye jumuiya yetu tuna wajane na wazee ambao hawawezi kupanda juu ya paa, na hakuna wa kuwapandia. Kabla masika haijaanza tungependa kuwafikia wote. Wenye ngazi ndefu, nyundo, au misumari ya bati iliyobaki kwenye ujenzi, wamwambie katibu wa jumuiya kabla ya ibada ya Jumapili, na mafundi watakaojitolea Jumamosi waje saa moja asubuhi, kabla bati halijapata moto.