Tangi la petroli lazima lipumue: nilivyolitengenezea gari langu njia ya hewa

Kwako unayeunda gari nyumbani, nakuomba usiliache bomba la kupumulia la tangi liwe kazi ya mwisho. Wengi tunahangaika na injini, giaboksi na rangi, halafu tangi linafungwa popote palipobaki nafasi. Gari langu ni dogo, la watu wawili, chesisi nimeiunda kwa mabomba ya mraba hapa Ngamiani, Tanga, na injini ni 5K ya Toyota, ile ya kabureta. Tangi la lita 40 liko nyuma ya viti, karibu kabisa na migongo ya watu. Kwa hiyo hewa ya tangi niliipa uzito sawa na breki.

Injini ikivuta mafuta, lazima hewa iingie tangini kujaza nafasi yake. Isipoingia, tangi linakuwa kama chupa ya maji ya plastiki unayoinyonya bila kuiachia pumzi. Pampu inashindwa kuvuta, gari linakata mafuta na kuzima, ukipumzika kidogo linawaka tena. Nimeona watu wakibadilisha plagi na kufungua kabureta kwa tatizo hili, kumbe dawa ilikuwa kufungua kifuniko cha tangi na kusikiliza: hewa ikiingia kwa kishindo, tangi halipumui.

Joto letu la pwani nalo lina mambo yake. Petroli lita 40 ikipanda joto kwa nyuzi 10 inaongezeka takriban lita 0.4, na mvuke unaongezeka zaidi. Ukikosa pa kutokea, msukumo unaisukuma petroli ipite sindano ya floti, ile inayofunga mafuta kabureta ikijaa, na kabureta inafurika. Basi tutoboe tundu kwenye kifuniko, yaishe? Hapana. Gari likilala ubavu petroli itamwagika, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa: unashuka, unatambaa sakafuni, unasubiri cheche.

Nilipata tangi kuukuu la bei rahisi, nikampelekea mzee mmoja mchomeleaji aniongezee nipo za hewa, yaani vijibomba vifupi vya kuchomekea mpira. Akalitazama, akasema, "Mwanangu, tangi lililowahi kubeba petroli mimi siliwashii moto."

"Sawa mzee, tuanze na bati jipya."

Namshukuru mpaka leo. Mvuke wa petroli ukifika kama asilimia 1.4 tu ya hewa iliyomo, unaweza kulipuka, na tangi linaloonekana tupu mara nyingi lina mvuke huo. Tukaunda jipya, tukalijaza upepo kidogo na kupaka povu la sabuni kwenye kila mshono kabla halijaonja mafuta.

Sasa njia yenyewe. Nipo ya hewa iko juu kabisa ya tangi, upande wa kushoto. Mpira wa mafuta wa milimita 8 (si mpira wa maji, petroli inaula) unapanda hadi juu ya mdomo wa kujazia, unavuka kwenda kulia kupita ukingo wa tangi, kisha unashuka nje ya bodi hadi chini, mbali na ekzosi. Fikiria gari limelala kulia: nipo iko juu, mafuta hayaifikii. Likilala kushoto, mafuta yanaingia mpirani lakini mwisho wake uko juu kuliko mafuta. Kwa kupinduka kabisa matairi juu, nimefunga pale kwenye nipo valvu yenye gololi inayoziba ikigeuzwa. Niliinunua kwenye spea za magari yaliyokatwa, na kabla ya kuifunga niliigeuza na kuipuliza kuhakikisha inaziba. Mpira usiwe na tumbo popote njiani, kwa sababu mvuke ukipoa unageuka petroli, unatuama hapo na kuziba hewa.

Jaribio nililolitaka lilikuwa mlima kutoka Mombo kwenda Lushoto. Huko juu, kama mita 1,400, msukumo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko hapa baharini, kwa hiyo tangi lililozibwa lingejaa upepo. Nilipofika nikafungua kifuniko taratibu: kimya, na ndani ya gari hakuna harufu. Kurudi Tanga ni kinyume chake, hewa inatakiwa kuingia, na injini haikukata hata mara moja. Nilifurahi sana.

Kuna adui mmoja ambaye wengi hawamtarajii: nyigu wa udongo. Anapenda matundu membamba, na akijenga humo tangi limezibwa. Mwisho wa bomba nimeukata mshazari na kuufunga wavu mwembamba wa shaba nyeupe isiyoshika kutu haraka, maana chumvi ya bahari hapa haihurumii chuma cha kawaida. Klampu nazo nazikagua kila ninapobadilisha oili. Kinachobaki ni kopo la mkaa wa kunasa mvuke, kama yale ya magari ya kiwandani, likiunganishwa na bomba la kuvutia hewa la injini. Nafasi yake nimeshaiacha kwenye chesisi, upande wa kulia.