Tulivyolipia kuasili mtoto kwa pesa ya cherehani

Kila niliyemwambia tunataka kuasili mtoto, yaani kumchukua awe wetu kisheria, alinitajia bei. Shoga yangu wa sokoni: milioni kumi. Shemeji aliyewahi kufanya kazi Dar: milioni ishirini, na lazima muwe na gari. Kuna na jamaa alimpigia mume wangu simu, anajiita mtu wa wizarani, anataka laki nane "za kufungulia faili". Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni fundi wa kuchomelea, mpole mno, alishaanza kubonyeza namba ya siri. Nikamnyang'anya simu.

Jamani, mtoto hauzwi. Fomu tulipewa bure na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, hapa hapa Morogoro, na kumlipa mtu ili akupatie mtoto ni jinai. Pesa inaliwa na vitu vya pembeni: vipimo vya hospitali vya wote wawili, picha, viapo, nauli za kufuatilia, halafu wakili. Hasa wakili.

Kilichonisumbua kichwa mwanzoni ni kipato. Wenye ajira wanaambatisha karatasi ya mshahara, sisi je? Nikampelekea afisa daftari langu la oda, kitabu cha kikoba chetu cha kuweka na kukopa, na taarifa ya miamala ya simu ya mwaka mzima. Akapekua, akauliza maswali mawili matatu, akaja nyumbani kukagua. Aliangalia choo, neti, chumba, akawahoji majirani. Hakuuliza gari.

Sasa niwaambie kuhusu kamati. Mimi nimechangia harusi za watu mpaka nimechakaa, na nina daftari: nani, lini, kiasi gani. Nikasema zamu yangu imefika. Nikafungua grupu la WhatsApp, nikaweka mwenyekiti, katibu na mweka hazina, nikaitisha kikao, soda juu yangu. Watu wale wale ambao kwenye harusi wanaahidi laki bila kukohoa! Mwenyekiti akauliza: ukumbi upo? Haupo. MC? Hayupo. Sare? Hakuna. "Sasa dada, tunachangia nini?" Shangazi yangu akafunga mjadala kwa kusema yeye hachangii kesi za mahakamani, na soda akaomba ya pili. Wiki iliyofuata grupu likawa la video za mahubiri na matangazo ya mafuta ya nywele. Kilichopatikana kilirudisha pesa ya soda, chenji nikanunua bando.

Kitu ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba pesa haihitajiki yote kwa mkupuo. Kwanza mnakaa na mtoto kwa malezi ya kambo, yaani mnamlea akiwa bado si wenu kisheria, miezi sita, ndipo mnaomba kuasili Mahakama Kuu. Ndivyo utaratibu ulivyo chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Kwa hiyo ya vipimo na viapo tulilipa mwanzoni kwa faida ya sare za shule za Januari, mtoto akaja, na ya wakili tukaitafuta huku anatambaa chini ya cherehani anakula vipande vya kitenge. Kikoba kilipovunjwa Desemba, mgao wangu ukawa malipo ya awali.

Wakili wa kwanza alitaja milioni nne kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Nikamuaga. Wa pili, kijana, akasema kama milioni moja na nusu. Namsikiliza, lakini macho yako kwenye koti lake: bega limekaa upande, bitana inachungulia chini. Nikamuuliza, samahani mheshimiwa, hili nani kakushonea? Akacheka, akaniambia na hata dada yake anaolewa, kamati inahangaika na fundi wa sare. Mimi futi huwa inaning'inia shingoni, hata siku hiyo nilisahau kuivua. Nikampima pale pale, vipimo nikaviandika nyuma ya bahasha ya maombi yetu.

Tukapatana hivi: suti yake moja na magauni ya kamati nzima, vitambaa vyao, ufundi wangu, kila nguo inakatwa kwenye ada. Nikataka tuandikishane. Wakili akasainishwa mkataba na fundi cherehani! Kitenge walichochagua kilikuwa cha tausi wakubwa, na ole wako tausi akatike shingo kwenye zipu. Nililala nikiota tausi. Lakini zaidi ya nusu ya ada iliisha kwa uzi na sindano.

Kesi yenyewe haikuwa na mambo. Mume wangu alihofia umri, kumbe sheria inataka walau mmoja wenu awe na miaka 25 na amzidi mtoto miaka 21. Tulishavuka siku nyingi. Na Mahakama Kuu tuliipata hapa hapa, kwenye Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kilichofunguliwa 2021, maana nauli za kwenda Dar kila kesi inapotajwa zingetumaliza. Amri ilipotoka tukaipeleka RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, kwa usajili. Ada ya huko ni ndogo, sikumbuki hata. Risiti zote ninazo kwenye kopo la maziwa, nanyi tunzeni zenu.

Wakili bado ananitumia suruali zake nizipunguze urefu, anadhani mkataba unaendelea. Nimemwambia faili lilishafungwa, suruali ni elfu tano.