Kisigino, vidonge vya tumbo na kilomita 226

Kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee hapa Nürnberg, Ujerumani, kila mtu anaamini mimi ni mkimbiaji. Nikisema natoka Tanga wanasikia Kenya, wakisikia Kenya wanaona medali. Nimechoka kusahihisha. Sisi tuliokulia Raskazone, kando ya bahari pale Tanga, tunakimbilia daladala tu, nayo ikikuacha unangoja nyingine. Nilichokuwa nacho mimi ni maji.

Na ni maji yaliyoniponza. Roth ni mji mdogo kusini mwa Nürnberg, na kila kiangazi wanafanya triathloni ndefu: kuogelea kilomita 3.8 kwenye mfereji unaounganisha mito Main na Danube, baiskeli kilomita 180, halafu, ukiwa umeshakwisha, marathoni nzima. Jumla 226. Hesabu yangu ilikuwa hivi: majini nitawapita, kwenye baiskeli nitajikokota, mbioni Mungu anajua.

Wiki saba kabla ya siku yenyewe niliteremka kitandani asubuhi, nikakanyaga sakafu, nikashika kabati. Mguu wa kushoto, nyuma, vidole vitatu juu ya kisigino. Ni kama mtu alikaza kamba usiku kucha na sasa hataki kuilegeza. Nikachechemea hadi msalani, nikachechemea hadi jikoni, na chai ilipochemka maumivu yalikuwa yamekwisha. Hapo ndipo kisigino kinapokudanganya. Nikaingia zamu, nikazunguka korido zile kwa muda wa saa nane, jioni nikakimbia kilomita 14 kama ratiba ilivyosema. Siku ya nne palikuwa na kivimbe cha ukubwa wa kunazi, na nikichezesha unyayo huku nimekishika, kinakwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Huku wanaliita kano la Achilles. Nyumbani tunasema mshipa wa kisigino, ingawa mshipa si mshipa: ni kamba inayofunga shavu la mguu kwenye mfupa wa kisigino, nene kuliko kano lolote mwilini, na bado damu inayofika pale katikati yake ni kidogo. Likichakaa halina haraka ya kupona.

Daktari wa mifupa nilimpata baada ya siku tisa, na kwa huku hiyo ni bahati. Akanilaza kifudifudi, akaminya shavu la mguu, unyayo ukajongea. Halijakatika. Ultrasaundi ikaonyesha unene wa kano: milimita 9 upande wa kushoto, 5 kulia. Kisha akauliza swali nisilolitarajia: miezi ya karibuni nilitumia antibayotiki?

Nikanyamaza kidogo. Aprili nilikwenda Tanga kumzika baba mdogo, na siku ya tatu tumbo likanigeuka. Nikafanya tunachofanya wote: nikaenda duka la dawa, nikasema nipe sipro, nikapewa vidonge kumi. Cheti sikuulizwa, wala sikuwa nacho. Tumbo likatulia, nikasahau. Na mimi ni muuguzi! Mzee wangu akiandikiwa dawa za kundi hilo, ni mimi ninayemwambia akisikia kisigino kinauma aniite mara moja. Wamarekani waliliwekea onyo hilo fremu nyeusi tangu 2008: siprofloksasini na ndugu zake huweza kudhoofisha kano, hata kulikata, na kano linaweza kuanza kuuma miezi kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Daktari akasema hawezi kuthibitisha chochote, kwa sababu miaka 43 na kilomita nilizokuwa nazikimbia zinatosha kabisa kuleta tatizo bila kidonge. Sawa. Lakini jioni ile nilipekua koti la safari, nikakuta bahasha ya dawa bado imo mfukoni. Imeandikwa kwa kalamu 1×2. Maandishi mengine hakuna.

Nikapewa mama mmoja wa fiziotherapia, mtu mzima, mikono kama ya mtu anayekanda chapati. Akanipeleka kwenye ngazi. Unasimama kwa vidole ukingoni, unajiinua kwa mguu mzima, unahamishia uzito kwenye mguu mgonjwa, unashuka polepole mpaka kisigino kinapita chini ya ngazi. Mara 15, mizunguko mitatu, goti likiwa limenyooka. Halafu hivyo hivyo goti likiwa limekunjwa. Asubuhi na jioni. Piga hesabu: mara 180 kwa siku, kwa wiki 12. Asili yake ni daktari Msweden, Håkan Alfredson, aliyechapisha mwaka 1998 matokeo ya watu 15 waliopona kwa njia hiyo. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe aliumwa hivi hivi, bosi wake akakataa kumpasua, akaamua kukitesa kisigino makusudi ili kikatike apasuliwe. Kikapona.

Wiki 12, na mimi nilikuwa nimebakiwa na tano.

Maumivu tulikuwa tunayapa alama, sifuri hadi kumi. Mpaka tano ruksa, ila kesho yake asubuhi yawe yameshuka. Kuogelea kukaendelea, bila kujisukuma kwa miguu ukutani. Kwenye baiskeli tulishusha kiti kidogo, tukarudisha nyuma vile vyuma vya chini ya kiatu ili shavu la mguu lisivute sana. Kukimbia, hapana. Rafiki yangu wa Mombasa akanishauri nimeze dawa za maumivu nikimbie tu, "kaka, siku moja hiyo." Siku moja ndiyo inayokata kano. Wiki mbili kabla ya siku nilijaribu kilomita tatu, taratibu, kwenye majani. Asubuhi iliyofuata: saba. Nilikaa ukingoni mwa kitanda sijavaa hata soksi, nikajua.

Mama naye aliniona kwenye simu ya video nikivuka jikoni.

"Mbona wachechemea?"

Hakuwa anajua lolote kuhusu Roth. Ningemwelezaje, na bati la jikoni lake bado tunalichangia? Nikamweleza. Akauliza nimelipa shilingi ngapi kujiandikisha. Nikamtajia nusu. Hata nusu ile ilimnyamazisha. Kisha akaniagiza nichue kwa mafuta ya karafuu, na kwa kweli nilichua wiki nzima, taratibu, mpaka abiria wa treni wakawa wananigeukia kwa harufu. Kano halikubadilika. Mimi nilipata usingizi.

Siku ya mashindano niliingia mfereji nikiwa na makubaliano na nafsi yangu, nimemwambia na mke wangu ili nisije nikajigeuka. Maji yalikuwa laini, hayana chumvi, hayana hata wimbi. Nilitoka kwa saa moja na dakika 11 na nikawapita watu wengi mno, nisiwe mwongo, nilifurahi. Mlima Solar, kule Hilpoltstein, watu wamesongamana mpaka wanakuachia uchochoro wa baiskeli moja, wanakupigia kelele usoni "hopp, hopp, hopp". Unapita hapo mara mbili. Mzunguko wa pili nililia, na sikulia kwa sababu ya kisigino.

Roth mjini nikakabidhi baiskeli, nikakaa kwenye benchi. Viatu vya kukimbia vilikuwa ndani ya mfuko wangu. Nilivifunga jana yake, sijui kwa nini. Kijana mmoja wa kujitolea akachuchumaa anifungulie. Nikamwambia mimi naishia hapa. Akanitazama mara mbili, nadhani naye alikuwa anaona Kenya. Nikafungua chipu ya kupimia muda mguuni, nikampa.

Jioni nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Nimeogelea, nimeendesha. Sikukimbia."

"Mguu?"

"Uko salama."

"Alhamdulillahi. Na pesa watakurudishia, ya zile mbio?"

"Hawarudishi, mama."

Kimya. Nasikia feni yake inazunguka.

"Si ungeogelea hapa Raskazone, mwanangu. Mbona bahari ni ya bure."