Hata Dagaa?

Katika The Road, riwaya ya Cormac McCarthy ya mwaka 2006, baba na mwanawe wanasukuma toroli kuelekea kusini. Dunia imeungua. Jua halionekani kwa majivu, miti imekufa ikiwa imesimama, na baadhi ya watu waliobaki wanakula wenzao. Kilichosababisha yote hayo mwandishi hakisemi, wala majina ya wawili hao hayatajwi.

Niliisoma melini, nikimpeleka mwanangu kwa bibi yake huko Nansio, kisiwani Ukerewe, likizo ya Desemba. Alikuwa darasa la pili. Kwenye benchi letu kulikuwa na mama mmoja aliyemenya machungwa na kuwagawia watoto wote, awajue asiwajue. Nilikuwa nimefika pale baba anapopata kopo moja la Coca-Cola kwenye mashine ya kuuzia soda iliyobomolewa. Analifungua, anampa mtoto. Mtoto anakunywa, kisha anamng'ang'aniza baba naye anywe. Ameshaelewa kwamba hataionja tena.

Nikafunga kitabu, koo limenikaba. Marehemu baba yangu alikuwa akitusogezea sahani ya sato na kusema yeye ameshakula huko mwaloni, wanakoshushia samaki. Nilikuwa mtu mzima, nina mtoto, ndipo nikajua kwamba hakuwa amekula.

"Baba, unalia?"

Nikamsimulia, nikiruka ya kutisha. Alisikiliza huku maji ya chungwa yakimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Sasa si wangeenda kuvua?"

Nikamwambia walifika baharini, wakakuta maji ya kijivu, hakuna samaki.

"Hata dagaa?"

"Hata dagaa."

Akafikiri. "Na bibi hawana?"

"Hawana."

Hapo ndipo uso ulipombadilika. Mimi pia, kilichonitisha zaidi si wale wanaokula watu. Ni yule mzee wanayemkuta njiani: baba anasita kumpa chakula, mpaka mtoto ambembeleze ndipo anapewa kopo la matunda. Njaa nimeiona. Lakini watu kuogopana kiasi hicho, mzee akipita asiitwe hata kunawa mikono, sijawahi kuona, na naomba nisione.

"Mwishoni ikawaje?"

"Baba yake anakufa. Mtoto anachukuliwa na familia nyingine."

"Wana watoto?"

"Wanao. Wa kiume na wa kike."

"Aa, basi sawa." Akajifuta mikono kwenye shati langu, akanitaka nianze upya, na safari hii nisiruke kitu.